Nani Ameitoa Sauti ya Chiriku?

Wiki iliyopita tulimwacha Chiriku amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, akiisikiliza redio ndogo iliyoning'inia kwenye msumari. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sauti iliyokuwa ikitoka ndani ya redio ile ilikuwa yake mwenyewe.

Harufu ya kuungua ndiyo iliyomzindua.

"Dada, kitambaa," akasema mwenzake wa meza ya pili.

Chiriku akainua pasi. Kwenye kitambaa cheupe cha meza, mali ya hoteli, palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo kamili la pasi. Miaka sita katika chumba kile cha kufulia, hajawahi kuunguza hata leso.

Na wimbo ulikuwa haujafika hata kwenye kiitikio.

Gitaa likakwaruza, ngoma zikaingia kwa mkupuo, na sauti ikapanda juu ya vyote kama mtu anayepanda ngazi mbilimbili:

*Nimevaa viatu vyekundu, mlango umeniuliza:*
*Ulikuwa wapi mama, nyumba yote ina giza?*
*Nikasema nilikuwepo, nimelala macho wazi,*
*Nirudishieni moyo wangu, nina kazi, nina kazi.*

Mwenzake wa meza ya pili alikuwa anatikisa mabega. Yule wa mashine ya kukamulia akaizima mashine ili asikie vizuri.

"Huyu mama ana nini?" akasema. "Mbona ananitia hamu ya kwenda mahali, na mimi sina pa kwenda?"

Chiriku hakuthubutu kufungua mdomo. Angefungua mdomo wangemtambua.

Wimbo ule ulirekodiwa wiki tatu nyuma, katika chumba chenye magodoro ukutani, na waliojua walikuwa watatu tu. Yeye mwenyewe. Kishindo, mpiga ngoma. Na Fundi Mitambo, mwenye studio, aliyepiga pia gitaa. Walikubaliana usitoke nje ya kuta zile, maana Chiriku alikuwa ameweka ahadi. Miaka minane iliyopita, siku chache baada ya mumewe mpiga gitaa kufa katika ajali ya gari la bendi, binti yao wa miaka kumi na mitano alimshika mkono akamwambia, mama, usiimbe tena. Na yeye akasema, sitaimba.

Wimbo ukaisha. Mtangazaji akaingia akihema, kana kwamba naye alikuwa anacheza.

"Wapenzi wasikilizaji, sijui huyu ni nani. Bahasha imeandikwa jina la wimbo tu, 'Nina Kazi'. Simu zinalia hapa hadi naogopa. Mwimbaji, kama unanisikia, njoo studio. Saa saba kamili nitakufungulia kipaza sauti, uimbe moja kwa moja. Usipokuja, nitajua nilikuwa naota."

Chiriku akachomoa waya wa pasi.

"Unakwenda wapi?" Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. "Kuna vitambaa mia mbili vya mkutano wa saa sita."

"Nina dharura nyumbani, bosi."

"Nani anaumwa?"

Chiriku akafikiria. "Mimi," akasema.

"Ukivuka mlango huu, kesho usijisumbue kuja."

Akauvuka. Alikuwa uani, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, ndipo akagundua kwamba bado amevaa aproni ya watu.

---

Simu ya kwanza ilikwenda kwa Kishindo.

"Umeutoa wewe?"

"Nimetoa nini? Niko chini ya sinki la mtu hapa, maji yananiingia masikioni." Siku hizi Kishindo alikuwa fundi bomba. "Sema taratibu."

"Wimbo uko redioni."

Kikasikika kitu kizito kikianguka. "Si mimi, Chiriku. Unajua siwezi."

Alijua. Kishindo alikuwa na sababu kubwa kuliko yake ya kutaka wimbo ule ubaki kabatini. Siku ya ajali walikuwa wawili tu ndani ya gari, yeye na marehemu, na ndiye aliyesimama mbele ya familia akasema kwamba usukani ulikuwa mikononi mwake. Tangu siku hiyo binti hakutaka hata jina lake litajwe ndani ya nyumba.

Simu ya pili ikaenda kwa Fundi Mitambo.

"Dada, si wewe mwenyewe uliyemtuma mtu?" Fundi akashangaa. "Alikuja Jumatatu. Akasema umemwagiza achukue diski. Ningemkatalia vipi? Mama mtu mzima, kanisalimia vizuri, kaniuliza mpaka hali ya watoto."

"Mama gani?"

"Mfupi, mwenye nywele nyeupe. Ana miwani imefungwa kwa uzi wa kijani."

Chiriku akasimama katikati ya barabara hadi mwenye baiskeli akamkwepa na kumpigia kelele.

Uzi ule aliufunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, wiki mbili zilizopita. Miwani ilikuwa ya mama mkwe wake. Mama mzazi wa marehemu.

---

Alimkuta sebuleni, amekaa wima karibu na redio, mikono mapajani, kama abiria aliyefika mapema.

"Mama," Chiriku akasema. 

"Vua aproni kwanza," akasema mama mkwe. "Halafu unywe maji. Ndiyo, ni mimi."

"Kwa nini?"

"Uliacha karatasi ya mashairi kwenye mfuko wa gauni. Nilipotaka kulifua nikaisoma, na nyuma yake nikakuta namba ya yule fundi. Diski nikaipeleka redioni mwenyewe. Nimekaa mapokezi mpaka yule binti mtangazaji akatoka. Nikamwambia, mwanangu, sikiliza hii. Ukiona haifai, nirudishie niitundike kwenye mboga zangu ifukuze ndege."

"Nakuuliza kwa nini, mama, sikuulizi vipi."

Mama mkwe akavua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo. 

"Tunaishi nyumba moja miaka kumi na minane. Zamani nilikuwa nakuambia punguza sauti, nataka kulala. Sasa miezi mitatu hii nakusikia bafuni unaimba kwa kunong'ona, umefungua bomba ili tusisikie. Maji yanamwagika bure na wewe unanong'ona. Mimi nimemzika mwanangu. Siwezi kukaa na mwingine aliyejizika akiwa hai na kila asubuhi ananipikia chai."

Chiriku akakaa chini. Akasimama. Akaenda dirishani, akarudi.

"Na yule fundi bomba wako," mama mkwe akaendelea, bila kubadilisha sauti, "mwambie bomba la uani halijaharibika. Amekuja kulitengeneza mara nne nikiwa nimejilaza. Mimi si kiziwi."

Chiriku akaugeuza uso. Alikuwa na miaka arobaini na minne na alitamani kuingia chini ya meza.

"Mama, mtoto akijua..."

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, na mtoto akawa ameshajua.

---

Binti alikuwa muuguzi, miaka ishirini na mitatu, zamu yake siku hiyo ilianza alasiri. Asubuhi alikwenda kusuka. Upande wa kulia wa kichwa chake mistari ilikuwa imelala sawasawa, upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama kama alivyoamka. Aliondoka kitini katikati ya kazi.

Siku nyingine wangemcheka. Hakuna aliyecheka.

"Uliniahidi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayotumia wodini.

"Nilikuahidi."

"Nimeinamisha kichwa kwa msusi, nakusikia unatoka redioni. Msusi anaimba na wewe. Ameusikia mara mbili tu na tayari anaujua. Wateja wote wanaujua. Mimi peke yangu pale ndani ndiye niliyekuwa sijui kwamba mama yangu anaimba."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

Chiriku akaitazama kalenda ya ukutani.

Binti akaweka mkoba mezani. "Nani kapiga ngoma?"

Chiriku akaanza kuivua aproni.

"Nimekulia chini ya ngoma zile, mama. Nililala usingizi wa mchana nyuma ya spika zenu. Hakuna mwingine anayelichelewesha pigo la mwisho namna ile. Ni yeye."

"Ni yeye."

"Na wimbo unamwimbia nani?"

Hapo, msomaji, Chiriku angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeoga na kuvaa. Akaumeza.

"Kwanza najiimbia mwenyewe," akasema. "Halafu yeye. Tuna mwaka mmoja sasa."

Binti akachukua mkoba wake. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Aliyemuua baba," akasema. "Katika wanaume wote waliojaa mji huu."

"Kaa chini," akasema bibi yake.

"Bibi, niache niende."

"Kaa chini, mjukuu wangu. Baba yako ndiye aliyekuwa anaendesha."

Redioni mtu alikuwa anasoma habari za hali ya hewa. Bibi akanyoosha mkono akaizima.

"Askari waliopima barabara waliniletea vitu vyake wiki moja baadaye. Saa, mkanda, na karatasi. Ninayo, iko chini ya nguo zangu. Imeandikwa nani alitolewa upande wa usukani. Mwanangu alikuwa hajalala siku mbili, na akakataa kumpisha mwenzake. Nikamwita Kishindo, nikamuuliza kwa nini unajipakazia. Akaniambia, mama, huyu mtoto ana baba mmoja tu. Acha abaki naye hivyohivyo alivyokuwa anamjua. Mimi nitabeba."

"Na wewe ukakubali," binti akasema.

"Nikakubali. Nilikuwa mama yake. Nilitaka mtu mwingine alaumiwe."

Chiriku alisikia maneno yale yakimfikia mojamoja, kwa kuchelewa. Hata yeye alikuwa hajui. Siku ile ya ajali alikuwa amelala na homa. Aliambiwa, akaamini, akachukia miaka saba, kisha akahangaika mwaka mzima kuacha kuchukia. Ubeti wa pili wa wimbo wake wote ulihusu kumsamehe Kishindo.

Kumsamehe nini?

Binti akatoka. Alifunga mlango taratibu, kama anayemwacha mgonjwa usingizini.

"Mwache," akasema mama mkwe. "Saa ngapi sasa?"

"Sita kasoro."

"Basi nenda."

"Niende wapi baada ya haya yote, mama? Kazi nimeipoteza, mtoto kaondoka, na yule mwanamume sijui hata kama namfahamu."

"Basi kaa."

Chiriku akakaa. Akasimama akaosha kikombe. Akakiosha tena. Ilipofika mara ya tatu akakiweka chini, akakitazama. Alikuwa amekaa miaka minane. Kukaa alikuwa anakujua vizuri.

Akaenda kutafuta viatu.

---

Kituo cha redio kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi. Kishindo alishafika. Alikuwa amesimama kwenye korido na ovaroli yake iliyolowa magotini, na ndani ya mkoba wake wa kazi vijiti vya ngoma vilichomoza katikati ya spana.

"Nimesikia tangazo," akaanza. "Nikasema usije peke..."

"Mama kaniambia nani alishika usukani."

Kishindo akauweka mkoba sakafuni polepole.

"Umeniacha nikusamehe," akasema Chiriku. "Nimelia mwaka mzima nikijifunza kukusamehe. Nimetunga ubeti mzima. Kumbe hukuwa na kosa, umekaa tu unanitazama nikihangaika."

"Kosa ninalo. Nilikuwa kiti cha pembeni, nimelala. Ningekuwa macho ningemwona anasinzia."

"Usinichanganye, Kishindo."

"Ningekuambia ukweli, ungenipenda kwa shukrani." Alikuwa akitazama viatu vyake. "Sikutaka shukrani. Nilitaka unipende ukijua mabaya yangu yote, hata yale yasiyo yangu."

Chiriku alikuwa na jibu, tena refu. Lakini mlango wa kioo ukafunguliwa na msichana mwembamba mwenye vidude vya kusikilizia masikioni akachungulia.

"Ni wewe?" akauliza mtangazaji. Akamtazama Chiriku toka viatuni mpaka usoni. "Sema neno lolote."

"Niseme nini?"

"Ni wewe," akasema mtangazaji, na machozi yakamlengalenga ghafla, hata mwenyewe akashangaa. "Ingieni. Dakika mbili."

Gitaa halikuwepo. Ngoma ilikuwa moja tu, ya kuazima, ngozi imelegea. Kijana wa mitambo wa kituo akanyoosha vidole vitatu, viwili, kimoja.

Taa nyekundu ikawaka.

Ubeti wa kwanza ulitoka ukitetemeka. Kwenye kiitikio sauti ikapata miguu. *Nirudishieni moyo wangu, nina kazi, nina kazi.* Nyuma ya kioo watu wa ofisini walianza kujipanga, mmoja na chakula mkononi, hajatafuna.

Kisha ukaja ubeti wa pili, na mdomo ukagoma.

*Nimekusamehe wewe.* Ndivyo ulivyoandikwa, ndivyo ulivyorekodiwa. Hakuweza tena kuutamka. Ngoma ikamsubiri mzunguko mmoja. Ikamsubiri mzunguko wa pili. Kishindo hakuinua macho, alipiga tu, akimshikilia mlango wazi.

Mzunguko wa tatu Chiriku akafumba macho.

*Nimejisamehe mimi,* akaimba. *Nimejisamehe mimi, kwa kubaki nikipumua.*

Hakuwa ameyapanga maneno hayo. Hakujua hata kwamba alikuwa anayafikiri. Yalipotoka, kitu fulani kifuani kilichokuwa kimekunjwa miaka minane kikakunjuka, na kiitikio cha mwisho alikiimba kwa nguvu mpaka kijana wa mitambo akashusha sauti kwa mikono miwili.

Wakamaliza. Halafu simu zikaanza.

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, akasema ameegesha pembeni kwa sababu haoni barabara. Wa pili alikuwa mwalimu aliyetaka kujua kama wimbo unauzwa. Mtangazaji akabonyeza kitufe cha tatu.

"Uko hewani. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni muuguzi," ikasema sauti. Nyuma yake palisikika honi na vishindo vya watu wa barabarani.

Chiriku akashika ukingo wa meza.

"Nina ujumbe kwa mwimbaji. Mwambie nimesimama nje ya duka la vyombo, redio yao ina sauti kubwa. Mwambie ahadi ile aliyoniwekea nimemrudishia. Nilimwomba kitu ambacho mtoto hapaswi kumwomba mama yake."

"Mama yake?" mtangazaji akanong'ona. Chiriku alitikisa kichwa kukubali. 

"Na mpiga ngoma," binti akaendelea.  Honi ikapita. "Nina mambo mengi ya kumuuliza. Sijui kama nitayauliza vizuri. Lakini leo nimeomba kubadilishana zamu. Aje nyumbani jioni. Bibi nimempigia, naye amesema aje, aache kisingizio cha bomba."

Watu nyuma ya kioo walicheka. Chiriku alikuwa analia na kucheka pamoja, kamasi na yote, hajali nani anamwona. Akamgeukia Kishindo ili wafurahi pamoja.

Kishindo hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Akasogea kwenye kipaza sauti. "Nitakuja, binti yangu," akasema. "Asante. Lakini sitakuja peke yangu."

"Utakuja na nani?" ikauliza simu.

Mwaka mzima wa mapenzi yao, Chiriku hakuwahi kufika kwa Kishindo. Kila mara palikuwa na sababu: chumba kinapakwa rangi, mwenye nyumba mkali, funguo zimepotea. Sasa sababu zote zile zikamrudia kwa pamoja.

Kishindo akakifunika kipaza sauti kwa kiganja chake kikubwa. Akamwinamia sikioni, akasema kwa sauti ambayo redio haikuipata.

"Kuna msichana mdogo ninayemlea. Mama yake aliniachia akaondoka. Alizaliwa miezi mitano baada ya ajali, Chiriku. Si wangu. Amefanana na binti yako kama picha mbili."

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Ndani ya spika, mbele ya mji mzima, binti alikuwa anasubiri jibu.

"Mama?" akasema. "Mbona mmenyamaza?"